Cha Kumpa Ndugu Anayefuga Nyuki

Mdogo wangu Raya,

Ninatumaini barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa na afya, na kwamba mwanao Nasra na mtoto wake hawajambo. Sisi huku Mji Mkongwe tuko salama. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama mtoto ameshaanza kucheka. Nimeiandika barua hii wazi, na huenda wengine wakaisoma kabla yako, kwa sababu swali lililomo si langu peke yangu: mtu anayefuga nyuki apewe zawadi gani? Nimelichunguza kwa miaka kadhaa, nawe ndiye uliyekuwa ukinitahini bila ya kusema neno, na bado silijui jibu lote.

Safari hii swali limekuwa zito kuliko kawaida. Uliponipigia simu mwanzoni mwa mwezi, uliniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Kaka, niiuze mizinga?" Ukanieleza kwamba kuna mtu wa Kendwa, anayepeleka asali mahotelini, anaitaka yote na anangoja jibu kabla ya mwezi kwisha. Nilisema kwamba nitafikiri, nawe ukasema, "Haya, fikiri, lakini usifikiri kama unavyosahihisha mitihani." Sasa kuna jamaa yetu anayesafiri kuja huko keshokutwa, na haiwezekani aje mikono mitupu. Zawadi na jibu vimenifikia kwa wakati mmoja, na nimejikuta siwezi kulichagua moja bila ya kulifikiria la pili.

Unaikumbuka zawadi ya kwanza? Ulikuwa umemaliza eda. Sote tulitarajia kwamba utarudi mjini, ukabaki kule nyuma ya Mkokotoni, ukatundika mizinga karibu na mikoko. Sikuelewa, lakini Idi ilikuwa inakaribia. Nilimpa fundi kitambaa cheupe, akashona gauni refu la mikono mirefu na ushungi wenye wavu wa chandarua. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini unamjua wifi yako: hawezi kuiacha nguo mpya itoke nyumbani mwake bila ya harufu, ataona amekuvunjia heshima. Akaifukiza udi mpaka ikakolea, akainyunyizia marashi mabegani, akapaka haludi, yale mafuta mazito ya manukato, kwenye pindo, kisha akaikunja na asumini ndani yake. Mimi mwenyewe niliisifu.

Uliivaa siku ya pili ya Idi, nami nikasimama mbali kwa hadhari. Hukuufikia hata mzinga wa kwanza. Nyuki walitoka kama wanafunzi kengele inapolia, nawe ukakimbilia jikoni kwa jirani yako Bi. Mize na kufunga mlango. Nilipokuja dirishani kukuuliza kama umeumia, ulinijibu kutoka ndani, "Kaka, umenivisha kama nnakwenda harusini, na wenye nyumba hawakualikwa." Bi. Mize akaongeza kwamba harusi ile ina mabwana harusi wengi mno.

Ninyi mlicheka, lakini mimi nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichowakera. Udi? Haludi? Asumini? Nilirudi na vitambaa vitatu, kila kimoja kikiwa na harufu yake, tukavitundika kwenye kamba mbali kidogo na mizinga. Cha udi walikipita tu. Kwenye cha asumini walitua wachache, wakaondoka. Cha haludi walikizunguka kwa sauti iliyotufanya sote wawili turudi nyuma. Wewe ulisema labda moshi wameshauzoea, na udi kwao ni moshi mwingine tu. Mimi nilisema upepo ulibadilika katikati ya jaribio, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba tumethibitisha chochote. Tulibishana mpaka adhuhuri. Nilipokuwa ninarudi mjini nilitanabahi kwamba tangu utoto wetu hatukuwahi kukaa pamoja namna ile, tukingoja tuone kitu gani kitatokea.

Mwaka uliofuata niliamua kucheza salama, na nikakosea zaidi. Nilikuletea chupa ya asali kutoka Hadharamaut, nzito, nyekundu, iliyofungwa vizuri katika duka moja la Darajani. Uliipokea kwa mikono miwili, ukashukuru kwa adabu zote, ukaiweka juu ya kabati. Nilipokuja tena nikaikuta haijafunguliwa. Nilikuuliza, ukakataa kusema, nikakuuliza tena, ndipo ukanambia, "Kaka, mimi nikikuletea insha ya mwanafunzi wa mwalimu mwengine, iliyoandikwa vizuri kuliko za wanafunzi wako, utaipokea kama zawadi?" Nilifikiri sana njiani. Ningeipokea, lakini nisingeisoma.

Ungeweza kunisaidia kwa kunieleza unachotaka. Lakini mama hakutulea hivyo. Yeye aliamini kwamba kumwuliza mtu anataka zawadi gani ni kumlazimisha aseme uongo wa heshima, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuulizwa. Kwa hiyo ilinibidi nitazame. Nilikuja shambani kwako nikakaa kwenye kigoda asubuhi nzima, nikitazama mikono yako. Niliona unavyojaza maji kwenye sinia na kutia vijiwe, ili nyuki wapate pa kutua wanywe wasizame. Niliona unavyoinama kwenye miguu ya kila mzinga na kuchungulia yale makopo ya oili ambamo miguu hiyo imesimama. Nikakuuliza kwa nini unayachungulia sana. Ukasema oili inakauka, na ikikauka majimoto, wale chungu wekundu wakali, hupanda usiku, na asubuhi hukuti kitu. Hukusema kwamba unaihitaji oili. Ulisema tu kwamba inakauka.

Idi ile nilikwenda kwa fundi wa vespa wa mtaani kwetu nikamwomba oili yote chafu aliyoimwaga. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili, kisha akanijazia dumu. Wifi yako aliliona sebuleni, karibu na sahani za vileja, akauliza kama kweli ninampelekea ndugu yangu uchafu siku ya Idi. Nilimwambia ndiyo. Akaingia chumbani, akatoka na kanga mpya, akalifunika dumu ili watu wasilione barabarani. Uliipenda kanga, lakini ulipoifunua ukaona kilichokuwa chini yake, ulilichukua dumu mwenyewe ukatangulia nalo mizingani kabla hata ya kutukaribisha maji ya kunywa. Sijawahi kutoa zawadi nyingine iliyopokewa vile. Kwa muda mrefu nilidhani nimeshalipata jibu: mfuga nyuki apewe kile kinachomkaukia.

Kisha Nasra akakaribia kujifungua, ukaenda kumlea kama ilivyo wajibu wa mama. Arubaini ikapita. Nasra anarudi kazini na anataka ubaki umwangalie mtoto, na mimi simlaumu hata kidogo. Mtoto anakujua kwa harufu na kwa sauti. Ndiyo maana nimeona ugumu katika kuchagua cha kukutumia. Nilikwenda madukani nikagundua kwamba hakuna zawadi isiyo na maneno ndani yake. Nilishika shali ya sufu, kwa kuwa ulinambia nyumba za huko zina baridi ya mashine mchana kutwa; nikaona shali ile inakwambia kaa. Nikataka kukupelekea picha ya mizinga yako niliyoipiga kwa simu. Nikaona picha ile inakwambia rudi, tena inakwambia kwa hila, na mtu mzima hapaswi kumvuta mwenzake kwa hila. Nilirudi nyumbani bila ya kitu, wifi yako akaniuliza kama maduka yamefungwa.

Ndipo Jumamosi moja nikaamua kwenda shambani kwako, nikidhani nitaokota wazo huko. Nilimkuta Bi. Mize anajaza maji kwenye sinia lako. Miguu ya mizinga iko ndani ya oili. Lakini mzinga ulio karibu na mkorosho uko kimya. Bi. Mize aliniambia nyuki wake wamehama na masega yameingiliwa na nondo. Tangu uondoke hakuna mzinga hata mmoja uliofunguliwa, kwa sababu kazi ile inataka watu wawili, mmoja wa kupuliza moshi na mmoja wa kunyanyua mfuniko, na mumewe haji karibu na nyuki hata kwa kusukumwa. Akaniuliza kama umeniambia kuhusu mtu wa Kendwa. Nilisema umeniambia, na kwamba huenda umeshachoka na kazi hii.

"Hajachoka," akasema. "Anaona haya kunichosha mimi. Hana wa kumwachia, Mwalimu. Hilo tu."

Sikujua kama ni kweli. Sijui hata sasa. Inawezekana kabisa kwamba Bi. Mize anakupenda na anakusemea anayoyatamani yeye. Lakini nililichukua kopo la moshi. Alinionyesha namna ya kutia makumbi makavu na kuyapuliza mpaka moshi utoke mweupe na wa baridi, akanikataza kuusogeza karibu mno. Aliponyanyua mfuniko nikakaza macho kwa mazoea ya miaka mingi ya kuingia darasani, akaniona. "Usiwakemee, Mwalimu. Hawa hawasimami mtu akiingia." Nilicheka, na nadhani ni kucheka huko kulikonifanya nidungwe sikioni. Wifi yako alinipaka dawa kwa siku nzima huku akiniuliza kama nimesahau umri wangu.

Raya, kwa nini hukuwahi kunambia kwamba mzinga una joto? Niliinama nikahisi joto linanipanda usoni kama pumzi ya mtu. Na kuna jambo niliuliza, Bi. Mize akasema nikuulize wewe. Katikati ya masega mawili niliona nyuki wameshikana miguu, mmoja baada ya mwingine, wamening'inia kama mkufu, hawafanyi lolote. Wanafanya nini pale? Wanapima nafasi? Wanapumzika? Nimeuliza watu watatu mjini, kila mmoja amenipa jibu lake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mzinga. Ninaomba jibu lako, na ulifafanue vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Na iliyofuata. Tumeshaifungua yote, tumeusafisha ule uliohamwa na kuupaka nta ndani, na Bi. Mize anasema kundi jingine linaweza kuja lenyewe mikoko itakapotoa maua. Nikilishika kopo la moshi kwa muda mrefu bega linauma, nasi tunapumzika, Bi. Mize ananisimulia mambo yako ambayo kaka hapaswi kuyajua.

Basi jibu langu ni hili, na nimejitahidi liwe la haki. Kama unaiuza mizinga kwa sababu hakuna mtu wa kusimama upande wa pili wa mfuniko, usiiuze, kwa maana mtu huyo yupo, nawe huna haja ya kuona haya kwa yeyote. Kama unaiuza kwa sababu unataka kubaki na mjukuu wako mpaka ajue kutembea na kusema, iuze. Hilo ni jambo jema, na wala sitalinung'unikia, si mbele yako wala nyuma yako. Nitakwenda mwenyewe siku ya kuichukua, nitahakikisha inabebwa alfajiri kabla ya jua kuwa kali, na nitamweleza yule mtu wa Kendwa kuhusu sinia la maji. Ninachokuomba ni usinambie sababu ya kwanza iwapo ni ya pili, wala ya pili iwapo ni ya kwanza.

Msafiri wetu amebeba halua kwa ajili ya Nasra na kofia ya mtoto aliyoidarizi wifi yako. Jina lako halimo katika mzigo wake. Lako ni hili nililokuandikia, na ukilipokea ukaona halikufai, liweke juu ya kabati, nami nitaelewa.

Mbusu mtoto kwa niaba yetu. Kwa sasa, ninaomba uniwie radhi kwamba Jumamosi simu yangu haitapokewa asubuhi. Siwezi kuishika pamoja na kopo la moshi.

Ni mimi kaka yako.