Vigelegele Vyangu Si Kura

Jumatatu, 6 Februari 1995

Jabali imepata tajiri! Naandika kabla sijanawa mikono. Karatasi itanuka samaki, potelea mbali.

Nilikuwa getini kwa kiwanda cha minofu, nagombania mapanki na wanawake wenzangu kama kila siku. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunauziwa kilichobaki, mgongo na kichwa. Mimi nakaanga, nauza pale Igogo, hapa hapa Mwanza, na mapanki yangu hayana mpinzani. Basi akapita Mzee Bugumba, mwenyekiti wetu wa klabu, anakaribia kukimbia na miguu yake ile mibovu. Anapiga kelele kwamba Mzungu mwenye kiwanda anaichukua Jabali Stars. Atavalisha, atalisha, atalipa.

Nikaliacha beseni hapo hapo. Nikacheza.

Jabali ni timu ya Igogo, ya sisi tunaokaa juu ya mawe. Golikipa wake ni Mabula, kitindamimba wangu. Ziwa lote hili, kuanzia Bukoba mpaka Musoma, hakuna anayedaka kama yeye. Simsifu kwa kuwa nimemzaa. Ni hodari kwa kuwa nimemzaa mimi.

Jumapili, 12 Februari

Mzungu amekuja uwanjani baada ya misa. Mrefu, mwekundu shingoni, anacheka na kila mtu. Kaleta mipira mipya, jezi za rangi ya bluu na viatu vya kila mchezaji. Jina lake linatushinda ulimi, kwa hiyo wazee wamempa la Kisukuma, Masanja, yaani mwenye kukusanya watu. Akalipenda. Analitamka vibaya.

Walimleta kwangu kula. Nilipika sato na ugali wa muhogo, nikatandika kitambaa changu cha meza. Alikula kidogo tu. Akauliza kupitia mkalimani kwa nini wachezaji wanalala nyumbani kwa mama wa golikipa. Nikamweleza mwenyewe. Kila mechi kubwa kambi iko hapa, sebuleni, kwenye mikeka. Sufuria hagusi mtu isipokuwa mimi. Timu nyingine zina watu wabaya, chakula kikipita mikono mingi kinaweza kuwekwa kitu, vijana wakaingia uwanjani miguu mizito kama magogo. Miaka yote nimepika, hakuna aliyewahi hata kuumwa tumbo.

Mkalimani akatafsiri. Masanja akacheka sana. Sikuona kichekesho.

Jirani yangu Mama Ndaki naye alikuwa mlangoni anachungulia. Ati, "Mama Mabula, leo umekaanga na nyusi zako kwa ajili ya Mzungu." Wivu. Mwanawe hachezi hata bao.

Alhamisi, 23 Februari

Kambi imehamishiwa hotelini.

Nimeambiwa na Mabula, si na mwenyekiti. Anasema kila mtu ana kitanda chake, na kuna mpishi mwenye kofia ndefu. Mpishi huyo ni wa nani? Mama yake anakaa wapi? Hajui. Anacheka kama Masanja.

Mwanangu analala vizuri, nifurahi. Sifurahi. Sufuria kubwa nimeitundika ukutani.

Jumamosi, 11 Machi

Mechi ya kupanda daraja, na wale wa Shinyanga.

Jabali haijawahi kuingia kwenye mechi kubwa kwa kupitia geti. Inajulikana. Getini ndipo wapinzani wanapofukia mambo yao. Sisi tunaruka ukuta wa nyuma, upande wa mawe, na Mzee Bugumba anatangulia kuangalia. Leo basi la hoteli likaja moja kwa moja mpaka getini. Mzee akasimama mbele yake kanyoosha mikono, na koti lake la sherehe. Kijana wa Masanja mwenye tai akashuka. "Mzee, tupishe, hii ni timu ya mpira, si ngoma ya kienyeji." Mzee akapisha.

Wakapita getini. Wote. Mabula hakugeuka kunitazama.

Nilikaa jukwaani nikisubiri adhabu. Mama Ndaki kafumba macho. Tukasubiri kipindi cha kwanza, tukasubiri cha pili. Ikaja penalti ya Shinyanga nikasema ndiyo hii sasa. Mabula akaruka kulia akaupangua! Mwanangu! Halafu tukafunga. Halafu tukafunga tena.

Tumepanda daraja la kwanza. Igogo haijawahi. Masanja kabebwa juu juu mpaka barabarani. Mimi nimepoteza kiatu kimoja na sauti.

Mzee Bugumba alirudi nyumbani peke yake kwa miguu. Nilimwona. Tumeshinda, na hilo ndilo linaloniuma. Nani atamsikiliza tena?

Jumapili, 19 Machi

Mkutano wa wanachama, darasani shule ya msingi. Watu mpaka madirishani.

Kijana wa tai alisoma karatasi ndefu. Nilifika darasa la nne lakini si mjinga, nilielewa. Timu na wachezaji wawe chini ya kampuni ya Masanja, si chini ya wanachama tena. Wanachama tutashauri. Chumba kikawa na mguno. Mimi niliguna. Mama Ndaki aliguna kuliko mimi. Mzee Bugumba akasimama akasema kwa utaratibu wetu, mnaoridhia tusikie.

Sisi hatupigi kura za karatasi. Tangu klabu ianzishwe, jambo likiletwa, anayeridhia anashangilia, asiyeridhia ananyamaza au anaguna. Sauti kubwa ndiyo imeshinda. Na ilikuwa inaelekea kufa kabisa ile karatasi, kimya kilikuwa kikubwa, nilisikia hadi kuku nje.

Mlango ukafunguliwa. Wachezaji wakaingia, na mbele yao Mabula na kombe la kupanda daraja mkononi, kavaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe.

Nikapiga vigelegele. Mama gani asingepiga? Nikapiga nikasimama juu ya dawati. Wanawake wote wakanipokea, wanaume wakapiga miluzi, darasa likawaka. Kombe likapita mikononi.

Tulipotulia katibu alikuwa ameshaandika: wanachama wameridhia kwa shangwe.

Jumatatu, 20 Machi

Nimekwenda kwa katibu. Nimemwambia vigelegele vyangu vilikuwa vya mwanangu, si vya karatasi ile. Akasema, "Mama Mabula, kwani mimi nitajuaje kigelegele ni cha nani? Utaratibu ni wetu wenyewe." Nikamwambia afute. Akasema karatasi imeshaondoka na kijana wa tai.

Mama Ndaki amenisubiri njiani. "Dada yangu, wengine wanauza timu kwa kalamu. Wewe umeiuza kwa ulimi." Nimemjibu kwamba na yeye alipiga. Akasema alinifuata mimi.

Nimekaanga mapanki yakaungua.

Jumatano, 5 Aprili

Timu inahamia Dar es Salaam.

Hivyo tu. Imebandikwa kwenye ubao wa klabu. Huko kuna viwanja vizuri, watazamaji wengi, wageni wa Masanja kutoka Ulaya wanashukia huko. Jina jipya Sangara United. Sangara, kwenye maji ya chumvi!

Kijana wa tai aliulizwa, na sisi je? Akajibu kwa adabu kabisa, "Klabu bakini nayo. Sisi tumechukua timu." Tumebaki na ubao, ngoma mbili na kadi za uanachama. Mama Ndaki kasema mbele ya watu wote kwamba huyu Mzungu ana tabia moja tu, anachukua mnofu anatuachia panki. Watu walicheka. Ni kicheko kile cha msibani.

Kumbe alichotaka ni daraja la kwanza tu. Angeanzisha timu yake Dar angeanzia chini kabisa. Sisi tulimpandishia.

Jumatatu, 10 Aprili

Tumekwenda kiwandani. Wazee watano na mimi. Mzee Bugumba na koti la sherehe. Nimevaa kitenge cha Pasaka kabla ya Pasaka.

Askari wa geti ni mtoto wa Nyegezi, ananifahamu, kila siku nanunua hapo. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama. Marahaba. Akaingia ndani, akatoka. Masanja kasafiri. Atarudi lini? Haijulikani. Kuna mwingine wa kuzungumza naye? Hakuna.

Tukasimama. Wanawake wa mapanki wakafika na mabeseni yao, foleni ikatuzunguka, tukawa tumo ndani ya foleni. Geti likafunguliwa, mzigo wa mapanki ukatolewa. Mzee Bugumba kasukumwa kama muuzaji yeyote. Mmoja akamwuliza, "Babu, na wewe unanunua au unazuia njia?"

Tukaondoka. Sikununua. Kesho nitanunua, nitakula nini?

Alhamisi, 20 Aprili

Wameondoka na treni. Nimetoka stesheni sasa hivi.

Jana nilimwomba Mabula abaki. Sikuwa nimepanga. Alikuwa anakunja nguo zake, nami nazikunjua nazikunja upya, nikasema baki mwanangu, tutaunda Jabali nyingine. Alikaa kitandani. Akasema, "Mama, nikibaki nitadaka nini? Mipira yote imeondoka."

Hakusema kwa ubaya.

Wanachama wachache sana walikuja stesheni. Wengine wamewakasirikia wachezaji, eti wasaliti. Mtoto wa miaka ishirini na miwili msaliti. Angefanya nini? Mimi nilifanya nini? Nilimfungia sato mkavu na maandazi. Treni ilipoanza alitoa mkono nje, ule mkono mkubwa wa kudakia. Nilijivuna. Hata hapo nilijivuna, Mungu anisamehe. Mama mmoja aliyekuwa pembeni nilimwambia, yule ni wangu, golikipa wa daraja la kwanza.

Jumapili, 25 Juni

Redioni wametaja jina lake. Mabula. Mtangazaji kasema kaokoa mpira wa hatari sana. Nimeinua sauti ya redio mpaka bati likalia.

Hakuna aliyekuja kusikiliza. Zamani ua ulikuwa haupitiki. Sasa Igogo yote wamehamia Butimba Rangers. Butimba! Mahasimu wetu, waliotuchania jezi, waliomrushia Mzee Bugumba ganda la muwa. Ndiyo timu pekee ya mjini iliyobaki daraja la kwanza, wanasema, na mtu hawezi kukaa bila timu. Mama Ndaki kanunua skafu ya njano. Nimemwuliza haoni aibu? "Aibu ninayo, ila Jumamosi pia ninayo, nifanye nini nayo?"

Nikarudi kwenye mapanki yangu.

Uwanja wetu kule chini ya mawe watu wamefunga mbuzi.

Jumanne, 8 Agosti

Mvua ya asubuhi, si ya majira yake. Imepoza mawe.

Sangara United wanakuja Mwanza kucheza na Butimba Rangers. Mabula alipiga simu dukani kwa Mhindi, nikaitwa, nikakimbia na mwiko mkononi. Sauti imekuwa nzito. Anakula vizuri. Nikamwambia chumba chake nimekipaka chokaa. Akasema hawaruhusiwi kulala nyumbani, wanalala hoteli, na chakula hawaruhusiwi kupokea kutoka nje. Nikasema sawa baba. Akasema, "Lakini wewe si utakuja uwanjani, mama?" Nikasema nitakuja.

Igogo wananunua filimbi. Wanasema watamzomea kila akishika mpira, si kwa ubaya wake, kwa ubaya wa Masanja. Wamenieleza wao wenyewe, kwa heshima, nisije nikashtuka. Mzee Bugumba kasema hatazomea. Hatashangilia pia. Atakaa tu.

Mama Ndaki alikuja jioni na ndizi. Akakaa. Akaniuliza nitakaa upande gani wa jukwaa. Tukamenya ndizi. Baadaye akasema atanishikia nafasi karibu yake, na skafu ataivua.

Soko la samaki la Mwaloni watafunga mapema. Padri kahamisha mafundisho ya ndoa. Dada yangu anatoka Sengerema na kivuko, watoto wake wote anakuja nao. Mzee Bugumba anakuja, Mama Ndaki anakuja, katibu, wanawake wa mapanki, Butimba yote na Igogo yote. Jumamosi.