Matembezi ya Nyota Usiku wa Mwezi Mpevu

Dodoma mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia kwanza kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni, ndipo uendelee kusoma. Mgongo unaendeleaje? Na huko Mafinga, bado mnaota moto hadi mchana? Mimi mzima wa afya, ila nimechoka na watu wa nyumba hii, nimechoka kwelikweli. Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa haina siri. Baba mkubwa akikupigia anaweka spika, kila mtu anatia neno lake, mimi naishia kusema "sijambo mama", basi. Barua hii anakuletea muuguzi jirani yetu, anakuja huko likizo.

Ulinitaka nimwambie baba mkubwa kwa mdomo wangu kwamba kidato cha tano nataka fizikia, kemia na hesabu, baiolojia hapana, na kwamba udaktari ameutamani yeye, sio mimi. Kila jioni nilikuwa najipanga. Akiingia tu, "Daktari wetu, naomba maji ya kunywa!" Nami naenda kuleta maji.

Sasa sikia ya Jumamosi. Aliponikuta nasoma mada ya nyota kwenye fizikia, aliamua familia nzima twende kutembea kwenye kilima kilicho nyuma ya shamba lake la zabibu, kule Makutupora. Mchana tujifunze miti, jioni mimi nifundishe nyota. Mimi! Mimi ambaye darasani naomba kutoka kwa kunyoosha kidole tu ili nisitoe sauti. Hakuniuliza. Alifungua kundi la wasapu, akaliita Familia na Nyota, akatangaza siku. Nikaangalia kwenye simu ya mama mkubwa, nikaona siku hiyo mwezi ni mpevu. Mama, mwezi ukijaa, mwanga wake unazimeza nyota karibu zote. Nikajikaza, nikamfuata sebuleni. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimechagua mbalamwezi makusudi, Tumaini asijikwae." Nikajibu, "Sawa, baba mkubwa." Nilijichukia hadi nikashindwa kula.

Njia yenyewe ni rahisi, hata huyo Tumaini wao wa darasa la pili aliipanda akirukaruka. Lakini kufika ndiyo kazi! Mama mkubwa anasimama kila kichaka apige picha za kuweka stetasi. Baba mkubwa anasimama kila mti: huu mgunga, ule mkwaju, njooni mguse gome la mninga. Migunga kiangazi hiki haina jani hata moja, ni miiba tu, ikanichania sketi. Pimbi walikaa juu ya mawe wakitutazama kama watu wanaosubiri mkutano uanze. Na maneno yake hayaishi, unajua yeye ni Mgogo na sisi Wahehe ni watani wake.

"Wahehe mkiudhika hamsemi," ananiambia mbele ya wote. "Mnanuna mpaka ugali unapoa."

"Mwache mtoto wa watu," mama mkubwa anasema, kana kwamba yeye siyo Mhehe, tena anacheka.

Tulifika juu jua likizama. Upande wa pili mwezi ukachomoza, mkubwa, mwekundu kama sinia la shaba. Ulikuwa mzuri, sikatai. Tukala viazi na karanga tukisubiri giza, giza likakataa kuja. Magharibi iling'aa Zuhura, na huku na huku vinyota vichache vilivyofifia.

"Haya mwalimu!" Baba mkubwa akapiga makofi. "Tuonyeshe."

"Ile ni Zuhura," nikanong'ona. "Siyo nyota, ni sayari."

"Hatusikii!"

"Dada Lusungu, nyota zenyewe zimeenda wapi?" Tumaini akauliza.

"Atazijulia wapi?" akadakia baba yake. "Kwao ukungu mwaka mzima. Mhehe akiona mbingu anadhani ni bati la jirani."

Hapo, mama, uvumilivu ukaniishia. Sauti iliyotoka sikuijua.

"Na nyie Wagogo! Kila mwaka mnainua shingo kutafuta wingu la mvua, mbingu mnaitazama kuliko watu wote wa nchi hii, na mpaka leo hamjui kwamba mwezi mpevu unafuta nyota?"

Mama mkubwa akapaliwa na karanga kwa kicheko. Baba mkubwa alicheka mpaka akashika jiwe.

"Nimepigwa! Mtani kanipiga! Sasa ulijua, mbona hukusema?"

"Mtoto hawezi kumkosoa baba mkubwa wake," nikasema. "Mtani anaweza."

"Haya mtani, una lingine?"

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. "Sitaki udaktari. Nataka fizikia, kemia na hesabu."

"Na hilo nalo utani?"

"Hapana, baba mkubwa. Hilo siyo utani."

Akaacha kucheka. Akafunga chupa ya chai, akashuka kilima chote bila kutaja mti hata mmoja.

Tangu siku hiyo ananiita Lusungu. Nilikuwa nalichukia lile jina la daktari, na sasa halipo najisikia vibaya. Hivi mimi nataka nini? Jana ameniuliza, "Mama yako anajua?" Nikasema unajua. Akasema atakupigia Jumapili.

Ataweka spika, wote tutakuwepo. Mama, nakusihi, usimwambie "shemeji, wewe ndiye mkubwa, amua wewe" kama ulivyozoea. Ukisema hivyo tu, yamekwisha. Mwambie nilikueleza na wewe umekubali. Halafu niulize mimi, hapo hapo, wote wakisikia. Nitajibu.

Nisalimie bibi na miguu yake, kaka Faraja huko kwenye mbao, na mama mdogo wa dukani, mwambie naikumbuka supu yake.

Mwanao, anayeisubiri Jumapili,

Lusungu