Sakafu ya Dada Yako Huku Ghorofani

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, tarehe 14, mvua imekatika.

Mpendwa shemeji yangu fundi cherehani,

Pokea salamu zangu na za dada yako, ambaye amekaa hapa ubavuni ananitazama ninavyoandika na anasema herufi zangu zimelala kama wagonjwa wodini. Mwache aseme. Hujambo wewe? Mama watoto hajambo? Na mgongo wako ulioteguka kwa kuinua cherehani peke yako kama kijana, umetulia? Natumaini mnalala na mnaamka salama.

Sisi hatujambo. Mimi ni mzima kama jiwe. Magoti tu ndiyo yanalia nikipanda ngazi, nayo yalianza kulia zamani kwa kupigia watu magoti kwenye zege zao. Dada yako anaendelea vizuri. Hilo neno vizuri nitalieleza huko mbele, kwa hiyo usiruke mistari.

Barua yako tuliisoma wote wawili mezani. Ulisema shule zikifungwa utakuja na gari la rafiki yako umchukue dada yako, akaishi kwako kwenye nyumba ya chini yenye uwanja. Ulisema mama wa mazoezi wa kliniki ameagiza aote jua na atembee kila siku, na mimi nimemfungia huku juu kama kuku wa banda. Hilo la kuku liliniuma, shemeji. Nililimeza kwa sababu wakati ule lilikuwa kweli.

Ngoja nikueleze hali ilivyokuwa. Mlango wa balkoni yetu una kizingiti, na ukikivuka unashuka kimo cha tofali. Kwa mguu wangu na wako hiyo si kitu. Kwa mguu wa dada yako, tangu kiharusi kimguse upande wa kushoto, hilo ni shimo. Alijaribu mara moja, akaning'inia kwenye bega langu, na kuanzia hapo ukimtajia balkoni anakuambia jua la dirishani linamtosha. Tena zege lenyewe lilikwanguliwa ovyo, kokoto zimetoa meno, adhuhuri linaunguza unyayo. Aliyelimwaga sijawahi kumwona lakini namjua kwa kazi yake. Ni mvivu.

Sasa wewe unanijua mimi. Sakafu ya hospitali ya zamani, ile terazo nyeusi ya saruji na vipande vya mawe, iliyosuguliwa mpaka wagonjwa wanajiona sura, ni mkono wangu. Walipotaka kuivunja wapitishe mabomba, nyundo zilikatika mipini wakapitishia mabomba ukutani. Wewe nguo ikikosewa unafumua unashona upya. Mimi maisha yangu yote sijawahi kufumua kitu.

Basi nikamwendea mama mwenye nyumba, nimevaa shati safi, nikamwambia nitamlazia terazo balkoni nzima, bure, ya kukaa hata sisi tukishaoza. Nilidhani atanikumbatia. Aliniangalia akasema, "Mzee, hapa umepanga. Siku ukihama, niikute balkoni yangu kama ulivyoikuta." Saruji hataki, gundi hataki, msumari hataki. Nikashuka ngazi nikiongea peke yangu hadi mlinzi wa geti akanipa kiti.

Yule mlinzi ndiye aliyenishauri nitandike majani ya bandia, yale ya plastiki ya kijani. Nilimwambia mimi si mbuzi, lakini nilinunua. Yalikunywa maji ya mvua yakakaa nayo, yakanuka kama soksi. Nikaleta zulia la plastiki. Upepo ulilikunja, ukalipeleka kwa jirani wa chini, na jirani akalirudisha akicheka. Na vyote viwili, shemeji, vilikuwa vyembamba. Shimo la kizingiti lilibaki palepale.

Aliyenifumbua macho ni seremala wa huku mtaani tunayemwita Msasa, kwa jinsi maneno yake yanavyokwaruza. Alikuja, akachungulia, akasema nahitaji vichanja. Yaani fito za mbao zinapigiliwa juu ya mbao nene za kubebea, chini yake unaweka vipande vya tairi kuukuu visichubue zege, maji yanapita katikati yanakwenda kwenye tundu lake. Kila kichanja kinakaa peke yake, unakiinua kwa mikono miwili. Na ukizifanya zile mbao za chini ziwe nene vya kutosha, sakafu inapanda mpaka usawa wa chumba. Nikamwambia hicho ni kitanda, si sakafu. Akaniambia basi lala.

Tulivitengeneza kwenye karakana yake. Kupanga nilipanga mwenyewe, sikutaka mtu anishikie. Dada yako alikaa ndani kwenye kiti chake akinitazama kupitia mlangoni, kama bibi arusi anayekagua zawadi. Msasa akasema niache nafasi kidogo pembeni kwenye kuta. Nikamwuliza yeye amewahi kulaza sakafu ya hospitali gani. Akachukua randa yake akaenda zake.

Nilivibana, shemeji. Ukuta kwa ukuta. Kile kichanja kidogo cha mwisho, tulichokikata kikae kwenye kona karibu na bomba la mvua, nilikipiga ngumi kikaingia kinalia. Sisimizi angeomba njia. Na mlango, ambao unafungukia nje, ulipita juu ya mbao kwa nafasi ya unene wa sarafu. Nilisimama nikaitazama kazi ile, nikasema hata kama inang'oka, ni ya kwangu.

Nikamshika dada yako mkono. Alivuka kizingiti macho chini, akasubiri shimo, shimo halikuja. Nilipomkalisha alivua kandambili, akaweka nyayo zake juu ya mbao, ule wa kulia kwanza, kisha akauinua ule wa kushoto kwa mkono na kuuweka pembeni yake. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kujisifu nimeyaandaa, yakaniishia.

Kuanzia hapo ikawa kila siku anatoka. Mkongojo anao, lakini hatoki bila mkono wangu. Nikiuachia, anasimama kama nguzo mpaka niurudishe. Mama wa mazoezi alipokuja alisema hayo ni matembezi yangu mimi, si yake.

Wiki iliyopita ikanyesha, mvua ile ya kutwa nzima. Asubuhi yake jua lilitoka, dada yako akataka kwenda nje. Niliposukuma mlango ulikwaruza chini kidogo, nikalaumu bawaba. Nikamkalisha, nikarudi ndani kumchukulia kanga ya mabegani. Upepo ukaufunga mlango nyuma yangu. Nageuka niufungue, haufunguki.

Kumbe mbao zilikunywa maji zikavimba. Kuta hazikuzipa nafasi, kwa hiyo zikasukumana zenyewe kwa zenyewe, na kichanja cha mlangoni kikainuka. Nilipokuwa nimekikanyaga kilitulia kwa uzito wangu. Nilipoingia ndani kikanyanyuka na kuubana mlango kama kabari. Nilisukuma kwa bega, nikasukuma kwa mgongo. Madirisha yote yana nondo. Mke wangu yuko nje na mguu mmoja, mimi niko ndani na kanga mkononi. Nikaenda kuchukua nyundo.

Dada yako akanitazama kupitia kioo akasema, "Weka hiyo nyundo chini, mzee. Kioo ni cha mwenye nyumba."

Nikamwelekeza kwa sauti ajaribu kuinua kichanja cha mlangoni, kiko hapo karibu na kiti. Akajibu, "Hicho kimebanwa na wenzake. Nafuata kile ulichokipiga ngumi."

Unaona? Alikuwa akinitazama kazi yote, anajua kipi kiliingia mwisho. Lakini kutoka kwenye kiti mpaka ile kona ni balkoni nzima, na hakuna wa kumshika. Alijiinua. Akatanguliza mkongojo, akatanguliza mguu wa kulia, halafu ule wa kushoto ukaja ukiburuzwa kama mtoto aliyekataa shule. Nilitaka kumwambia apinde huku, akanyage pale. Nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza si kawaida yangu. Mikono hii iliyobeba saruji mifuko miwili miwili ilikuwa imebandikwa kwenye kioo, haina kazi. Katikati alisimama, akayumba, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshafika.

Akachomeka ncha ya mkongojo kati ya fito mbili, akauegemea kwa mwili wake wote. Ukateleza. Akauchomeka tena. Kile kichanja kidogo kikaruka juu, na sakafu nzima ikashusha pumzi. Mlango ulifunguka nikatoka nao mzima mzima, karibu niangukie kifua.

Nilimkuta ameketi chini palepale kwenye mbao, anahema. Nilitaka kumgombeza. Akanitangulia, akasema, "Mdogo wangu aliandika umenifungia ndani. Mwandikie sasa umenifungia na nje." Kisha akacheka. Shemeji, alicheka mpaka akajishika mbavu, kicheko chake kile cha zamani cha kuamsha majirani. Sijakisikia tangu augue. Nikakaa chini naye, na mimi nikacheka, ingawa aliyechekwa ni mimi.

Msasa alikuja na randa. Alipoona hali hakusema lolote, na huo kwake ni upole mkubwa. Tulivipunguza vichanja pembeni tukaacha nafasi ya kidole kuzunguka kuta zote. Nafasi, mimi! Ndiyo sakafu yangu ya kwanza yenye nafasi, na bado ni nzuri kuliko zako zote huko, maana mvua imenyesha tena juzi na hakuna kilichoinuka. Dada yako sasa anakwenda mpaka ile kona na kurudi, peke yake, asubuhi na jioni. Mimi nakaa ndani najifanya nasoma gazeti.

Hilo ndilo neno vizuri nililokuahidi kulieleza.

Sasa kuhusu safari yako. Jana jioni tulikaa nje wote wawili, nikaona muda wote nimekuwa nikimjibia yeye, eti haendi, eti anakaa na mumewe. Hakuna aliyemwuliza, si mimi wala wewe. Nikamwuliza. Nikamwambia mdogo wako ana nyumba ya chini na uwanja, na anakupenda. Ukisema unakwenda sitabisha. Nitaviinua vichanja hivi kimoja kimoja, nitavifunga kamba, na nitakuja navyo nivitandaze huko uani kwake. Mimi hakuniita, lakini sitasubiri kuitwa.

Vidole vyake vya miguu vilichezea mbao, na vile vya kushoto navyo vilisogea kidogo, au labda mimi ndiye niliyetaka visogee. Halafu akasema, "Mwambie aje. Anikute nimekaa hapa nje. Halafu aniinue, kama ataweza."

Hayo ni maneno yake, sijatia chumvi. Kwa hiyo njoo shemeji, njoo shule zikifungwa kama ulivyosema. Ila gari mrudishie rafiki yako, panda basi. Beba kitambaa kizito cha turubai na sindano zako, maana kuanzia saa nane jua linamkimbiza ndani, naye hataki tena kukimbia. Umshonee kivuli. Kiwe cha kufunga kwa kamba na kufungua, mama mwenye nyumba hataki msumari. Hiyo kazi nimekuachia wewe, siwezi kufanya kila kitu mimi.

Msalimie sana mama watoto, mwambie kanga aliyotuma ndiyo hiyohiyo iliyokwama mkononi mwangu. Msalimie Kipusa, shangazi yake anauliza kama bado anaogopa radi. Msalimie na Mrefu, mwambie asome asije akawa na mwandiko wangu. Mungu awape afya, riziki na miguu ya kuwafikisha mnakotaka.

Ni mimi shemeji yako, anayekupenda hata pale ulipotaka kumnyang'anya mke,

Mzee wa Terazo.