Samaki wa Shimo la Bati

Mior, weka chini hicho kikombe usome. Nimeaibika leo msikitini, mbele ya watu wote.

Binti mmoja wa idara ya afya alikuja kutueleza habari za samaki tunaofuga kwenye mashimo ya mgodi wa zamani. Akasema wa bwawa langu wamepimwa, wana madini ya risasi. Wangu, Mior!

Nikasimama, mimi na masomo yangu ya jioni. "Binti, hapa palichimbwa bati, si risasi. Bati ndilo linalofungia dagaa madukani!" Watu wakacheka, nami nikazidi kuvimba.

Akanijibu taratibu: "Mzee, bati halikulala peke yake ardhini."

Halikulala peke yake! Masomo yote yale, na hilo sikuwahi kujiuliza.

Kisha akataka kujua nani anawala. Jirani yetu Deris akapayuka kutoka nyuma: "Si mkwewe! Kila siku anampelekea samaki wake, haruan, kidonda cha uzazi kifunge!"

Hakuna aliyecheka tena.

Nimetoka pale moja kwa moja hadi kwa mkwe wangu Suraya. Nimemkuta ananyonyesha. Nikamwambia asiwaguse tena wale samaki, na kesho nawapeleka hospitali, yeye na mtoto, wapimwe damu.

Hakunigombeza, Mior. Afadhali angenigombeza.

Alimtazama mtoto, akasema: "Mama alinikataza samaki wa shimoni. Nikamjibu, baba mkwe wangu amesoma."