Kompyuta Niliyoitia Kwenye Friji

Karakana ya Friji na Viyoyozi,
Uani, mlango wa bluu,
S.L.P. 417.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. U hali gani? Goti je? Ulisema linakusumbua kwenye ngazi za hapo hospitalini kwenu. Nakwambia tena: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu, usifanye kinyume. Hilo nilifundishwa melini na daktari ambaye mwenyewe alikuwa anachechemea, kwa hiyo ni elimu ya uhakika. Na Shemeji hajambo? Bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Mwambie nampenda hivyo hivyo, mradi simo chumbani.

Huku tu wazima. Wifi yako mzima, ila tangu Jumatano ananiongelesha kwa mafungu. "Chakula." "Sogea." "Mlango." Sababu utaiona huko mbele. Lile bomba la uani lililokuwa likivuja tangu ulipoondoka nimeliziba kwa mkono wangu, na sasa halivuji kabisa isipokuwa maji yakifunguliwa.

Mwanao naye mzima wa mwili. Siku hizi mtaa mzima unamwita Rula, kwa vile haachi kupima vitu; juzi kaupima mlango wetu na kutuambia umekaa upande. Habari ya moyo wake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, kwenye simu mimi natoroka. Wewe unauliza, mimi nachomekea kichekesho, tunacheka, salio linakwisha, na neno lenyewe linabaki kwangu. Leo nimejifungia na karatasi. Barua ataileta yule mwenzako wa kazini, yule yule aliyeileta ile kadi ya kompyuta. Anaondoka kesho asubuhi na ameniahidi ataiweka mkononi mwako.

Basi sikiliza.

Unajua shule mimi niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, hatujaelewana mpaka leo. Lakini dunia nimeisoma. Nimepoza matumbo ya meli tatu za samaki. Nimelala kwenye bandari ambazo ukizitaja ulimi unateguka. Najua kuomba maji kwa lugha nne na kutukana kwa sita. Kwa hiyo Rula aliponiambia kwamba kompyuta yake ya mkononi imechoka, ikipewa jengo moja kulichora inahema kama mbuzi mgonjwa, na walimu wake wa usanifu majengo wanataka picha za ile zahanati aliyoibuni zionekane kana kwamba imeshajengwa na wagonjwa wameshakaa kwenye benchi, nilimjibu neno moja tu: "Tulia. Mjomba wako ataunda mashine."

Na tuliiunda, Dada, usije ukafikiri nakutania. Tuliitandaza kwenye meza ya karakana, yeye anasoma maelekezo, mimi nimeshika bisibisi. Mazabodi, yaani ule ubao unaobeba vyote, prosesa, ramu, pawasaplai, na mwisho ile kadi ya picha uliyoihangaikia wewe kwa zamu za ziada. Niliichomeka kadi ile kwa adabu, kama ninayemvisha bibi harusi pete. Tukawasha. Ikawaka mara ya kwanza! Rula akanirukia shingoni. Jioni hiyo hiyo zahanati ikatokea kwenye kioo, ina kivuli chini ya miti, ina mwanga dirishani. Wifi yako alisema hata yeye angependa kuugua alazwe humo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeishia.

Tatizo ni feni. Karakana ile ina bati juu, unalijua joto lake, na mashine ikikazana feni zake zinapiga kelele kama zinanisuta. Nikajisikia nimetukanwa. Mashine isikie joto nyumbani kwangu mimi, mtu ninayeitwa Mzee Baridi kuanzia hapa hadi kule sokoni? Karakana ilikuwa na friji ndogo, zile za kukaa chumbani na chupa sita za soda, mwenyewe aliitelekeza siku nyingi. Nikaitazama. Nayo ikanitazama.

Nilifanya kazi ya siku nne, na kwa hili niruhusu nijisifu kidogo, nikimaliza nitajitukana. Nilikata mlango nikatia dirisha la kioo. Nilitoboa matundu ya nyaya nikayaziba kwa silikoni, hata sisimizi asipite. Kompresa nikaweka ya friji kubwa. Ndani nikatandika taa za buluu. Rangi nikapuliza nyeusi, mikono mitatu, kila mkono nikiupiga msasa. Ungeiona ungedhani imetoka kiwandani kwa watu wenye suti.

Rula alinionya. Siwezi kusema hakunionya.

"Mjomba, kompyuta inataka hewa. Haitaki barafu."

"Nani fundi wa baridi humu ndani?"

"Ni wewe."

"Basi."

"Lakini hii si nyama, Mjomba."

Wifi yako alikuwa anapita na ndoo. Akasema mwache, akiishiwa friji atahamia kwenye kabati. Nikawacheka wote wawili. Nikakupigia picha nikakutumia, nawe ukajibu, "Mdogo wangu kawa injinia!" Dada, ujumbe ule niliusoma kwa sauti kwa kinyozi, kwa fundi viatu, kwa mwenye nyumba, na kwa mtu mmoja aliyekuwa anapita tu kuulizia njia.

Siku mbili ilifanya kazi kimya, baridi, kama malaika aliyelala. Usiku Rula akizima kompyuta, mimi friji naiacha inaunguruma, ili asubuhi mashine iamke imepoa vizuri. Naona unaanza kuelewa. Na watu wakawa wanakuja kutazama. Sasa mtu akija kutazama utamwonyesha kupitia dirishani kama mfungwa? Namfungulia mlango. Namwambia weka mkono, usikie.

Jumatano asubuhi kinyozi alikuja na wateja wake watatu, mmoja ana shuka shingoni na nusu ya kichwa haijanyolewa. Nikafungua mlango wazi kabisa nikawapa somo. Niliwaeleza kompresa, nikawaeleza gesi, nikawaeleza na bandari zile ambazo ulimi unateguka. Somo refu, Dada. Wakapiga makofi, nikafunga mlango. Rula akaja na chai yake, akakaa, akabonyeza kitufe.

Ikalia: pap! Taa za buluu zikazimika. Halafu ile harufu.

Nilipofungua, mazabodi yote ilikuwa imetoka jasho. Matone, Dada, yamekaa juu ya kadi kama kwenye chupa ya soda. Hewa ya nje yenye joto na unyevu imeingia, imekuta vyuma vimelala baridi usiku kucha, ikageuka maji pale pale. Na mimi miaka ishirini na mbili nawagombeza wake za watu: mama, usifungue friji ovyo, unaingiza maji! Nimeandika hivyo kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, herufi nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe. Lile somo la kinyozi nililitoa nikiwa nimesimama chini ya karatasi ile ile.

Nimekasirika mpaka sijui nimkasirikie nani. Saa ya kwanza nilisema ni umeme. Saa ya pili nikasema ni kinyozi, amekuja na vichwa vilivyolowa. Wifi yako akanitazama akasema neno lake moja la siku hiyo: "Aibu."

Tulipeleka vitu kwa yule fundi simu wa pale kona, wanamwita Chaja kwa wembamba wake. Akavigeuza geuza chini ya taa.

"Mzee Baridi, hivi umeviosha?"

"Nimevipoza."

"Umevipoza hasa. Huku kwetu waliopozwa hivi huwa tunawazika."

Watu wote dukani wakaangua kicheko. Diski imepona, kwa hiyo michoro ya Rula yote ipo, hata mstari mmoja haukupotea. Mazabodi imekufa. Na kadi yako imekufa, Dada. Chaja aliijaribu kwenye mashine nyingine mbili, haikufumbua jicho.

Bila mashine yenye nguvu hakuna picha, na siku ya kuwaeleza walimu ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi. Asipopita, anarudia mwaka mzima. Kompyuta za chuoni zipo, ila zimeshagombewa, foleni yake imevuka hiyo Alhamisi. Ile ya mkononi inaweza mistari mitupu tu. Ukiidai picha inazimika kwa hasira. Na huku watu hawajaacha kuja! Jana kaja bwana mmoja na mkewe, wamevaa vizuri, eti tumesikia kuna kompyuta ya baridi. Nikawaambia imesafiri.

Lakini hayo yote si neno lenyewe. Neno lenyewe ni Ijumaa.

Ijumaa ulimpigia simu Rula. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuta koleo, na wala sikuwa nadukua, ila masikio hayana vifuniko. Nikamsikia: "Inafanya kazi vizuri, Mama. Ndiyo, kadi iko salama. Mjomba kaifunga vizuri kuliko hata dukani." Akacheka kabisa, kile kicheko chake cha puani. Alipokata, akakaa na simu mapajani, anafuta kioo chake kwa kidole, anafuta, anafuta, na kioo hakina kitu.

Nikatoka na koleo langu. Nikamuuliza kwa nini amemdanganya mama yake.

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Mama akisikia atakugombeza. Na wewe ukigombezwa na Mama unaacha kula. Nakujua, Mjomba."

Dada, mimi nimenyimwa mshahara kwenye nchi ambayo hata balozi wetu hakuijua. Nimeshikwa na homa katikati ya maji, siku kumi bila kuona nchi kavu. Sijawahi kunywea kama nilivyonywea mbele ya mtoto yule. Wiki ambayo angetakiwa anililie mimi, yeye amekaa anapanga namna ya kunificha nyuma ya mgongo wake.

Kwa hiyo nakuandikia mwenyewe, bila kichekesho: kadi yako nimeiua mimi. Si umeme, si kinyozi, si Chaja, na Rula alinikataza. Nisamehe, na ukishindwa kunisamehe mwezi huu jaribu ujao. Kadi nyingine usitume. Hilo ni langu, nitalibeba nijuavyo.

Sasa sikia alichofanya mwanao, maana hakukaa kulia. Juzi alikwenda kwa mwalimu wake akamweleza yote, na friji akaitaja. Mwalimu, nasikia, ilibidi atoke nje kidogo. Aliporudi akamwambia zile picha anaweza kuzibadilisha kwa jengo dogo la mkono, la kadibodi, mradi vipimo viwe sawasawa na michoro. Basi tangu Ijumaa jioni karakana imekuwa mahali pa ujenzi. Yeye anapima na kukata, mimi nashika. Ndiyo kazi niliyopewa, kushika. Ukuta ukipakwa gundi naambiwa, "Mjomba shika hapo, usibonyeze, usihame." Nashika. Jana nilijaribu kupendekeza tutie vitaa ndani. Alinitazama tu, nikakutambua wewe mzima mzima kwenye yale macho.

Wodi mbili zimesimama. Paa bado, na ngazi bado, na paa ndiyo kazi yenyewe. Sijui kama tutamaliza, nakwambia kweli. Umevunjika ukuta mmoja leo asubuhi na si mimi niliyeuvunja, hilo liandikwe.

Ombi langu ni moja. Ukishaisoma barua hii mpigie Rula kabla ya Alhamisi, umwambie unajua. Usimgombeze kwa uongo wake, uongo ule ni wangu. Mwambie unajua, basi, ili atue ule mzigo aingie mbele ya walimu akiwa mwepesi. Ukimaliza naye, nipigie mimi, useme yote uliyo nayo. Nitakaa nisikilize, na nitakula.

Msalimie sana Shemeji. Mjomba wetu mzee anakusalimu, na shangazi yetu anauliza lini utarudi umkande mgongo. Wifi yako nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akajibu kwa maneno matatu, mengi kuliko ya siku yoyote tangu Jumatano: "Mwambie sisi sote tunampenda." Najua ni manne, Dada, lakini lile "mwambie" lilikuwa langu mimi. Mungu akulinde na ngazi, akulinde na zamu ndefu, akurudishe kwetu ukiwa unatembea kwa miguu yote miwili.

Alhamisi tutaondoka saa mbili, kwa miguu, maana Rula haamini gari lolote na mzigo ule. Yeye atatangulia na michoro. Mimi nitafuata nyuma na zahanati mikononi, imefunikwa shuka. Ameshaniambia masharti: nisisimame kwa kinyozi, nisisimame kwa Chaja, na mtu yeyote akiuliza nimebeba nini, nisifunue.

Nimekubali, Dada. Nimeapa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukiwa umeninunia,

Mzee Baridi.