Kaka Msomi na Wazee wa Ng'ambo

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Yule kaka yangu msomi kaahirisha masta. Eti kwanza anakwenda ng'ambo mwaka mzima, kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Kaka yangu huyu huyu, ambaye sahani yake akishakula inaota miguu yenyewe kwenda jikoni.

Leo ndiyo alikuwa na usaili, kwa video, pale sebuleni. Mimi nikageuzwa stendi ya simu.

Mama wa shirika linalompeleka akamuuliza, nyumbani unawasaidiaje wazee? Akajibu mkavu, "Namfulia bibi yangu nguo kila wiki."

Namfulia. Bibi. Nikauma ulimi.

Bibi huyo, anapita nyuma yake na beseni. Akasimama pale pale kwenye picha. "Mjukuu wangu, hizi chupi zako nianike nje au ndani? Naona mawingu."

Kaka akajichekesha, akasema bibi siku hizi kachanganyikiwa. Kachanganyikiwa, bibi yetu!

Bibi akaweka beseni chini, akachomoa chupi moja, akaitandaza mbele ya simu. "Mama, nitazame vizuri. Hii itanitosha mimi?"

Simu iliniponyoka kwa kicheko.

Jioni hii jibu limekuja. Wamemchukua, lakini wamempangia kazi chumba cha kufulia, mwaka mzima.

Sasa hivi yuko uani kainamia beseni. Bibi kajivutia kiti, anamwambia taratibu, "Kamua, msomi. Hiyo bado inachuruzika."