Besi Niliyoiandika kwa Mkono Wako

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwa miaka kumi na minne sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na leo nimechoka mno kubadili mazoea.

Ni mwezi wa saba sasa tangu tukuzike. Kwaya wamenitupia mimi, kwa sababu nilikuwa nakushikia makaratasi, na watu wakadhani anayeshika makaratasi anajua yote yaliyomo. Nashona Igoma tangu asubuhi. Jioni za mazoezi nafunika cherehani nakimbilia kanisani, nikifika nakuta sauti ya kwanza wanapiga soga na sauti ya tatu kaja mmoja. Vijana wanasema bila kinanda hawaji. Wewe ulikuwa ukivua miwani tu, kanisa zima linanyamaza. Mimi sina hata miwani. Nimechoka, Mwalimu. Sisemi ili unihurumie, ndivyo ilivyo.

Lakini kuna jambo nimekuficha, wewe na kila mtu.

Unakumbuka ulivyokuwa unatunga. Sauti tatu ulizimaliza nyumbani, kwa herufi zako zile za do, re, mi, lakini mstari wa besi uliuacha wazi mpaka siku ya mazoezi, uone kwanza wanaume gani wamefika. "Besi haikatwi kwa kipimo cha mtu asiyekuja," ulisema, ukinitazama mimi fundi nguo ili nicheke. Siku ile tunakwenda kuimba Ukerewe ziwa likachafuka, besi wanne wakatapika kwenye kivuko njia nzima, wakabaki wawili wenye uhai. Uliketi juu ya gunia la mtu ukaandika besi mpya ya watu wawili kabla hatujafika. Wenyeji walitusifu mpaka tukaona haya. Wale wanne walisimama nyuma wakifungua midomo tu.

Wiki mbili baada ya mazishi, mkeo Mama Koku alinipa bahasha uliyoiacha mezani. Yeye hasomi nota, hakujua kilichomo. Ulikuwa wimbo wako wa mwisho, sauti tatu kamili, na chini mstari mtupu. Mazoezi yale hukuyafikia.

Ningesema ukweli siku ileile. Badala yake nilikaa nao siku tatu, nikaijaza besi mwenyewe. Mimi, mwanamke wa sauti ya pili! Niliiga mkono wako hadi ile herufi yako ya so yenye mkia. Kisha nikawaambia wanakwaya, wimbo huu Mwalimu ameuacha umekamilika. Niliogopa. Wanaume wale hata nikiwaambia wasimame wima wananiangalia kwanza, je, wangeimba besi niliyotunga mimi?

Waliimba. Mzee Bulugu, besi wako wa tangu zamani, alilia palepale kwenye benchi. "Huyu ni Mwalimu mwenyewe," akasema. "Nani mwingine anajua pumzi yangu inaishia wapi?" Nilikuwa nimeipima pumzi yake, Mwalimu, Jumapili hadi Jumapili, nikihesabu kwa vidole chini ya kanga. Nilitaka kusimama niseme ni mimi. Nikakohoa tu, nikasema turudie kutoka mwanzo.

Sasa wimbo huo tunaombwa huku na huku, juzi harusi Buzuruga, jana msiba. Watu wamerudi mazoezini kwa ajili yake. Kila ninaposifiwa, nasifiwa kwa jina lako, na sifa hiyo hainishibishi. Halafu pale katikati ya ubeti wa pili hapajakaa sawa. Besi inaifuata sauti ya tatu kila inapokwenda, na mimi nasikia mshono unavuta. Ungekuwepo ungepazungushia kalamu nyekundu na kuniuliza, "Nyamizi, hapa ulikuwa umelala?" Sasa hakuna anayeniuliza. Hilo linaniliza kuliko siku tuliyokutupia udongo.

Na ningeendelea kunyamaza, nisikufiche. Lakini Jumapili Mama Koku alinivuta pembeni baada ya ibada. Kaburi linajengewa, jiwe limeshapatikana. Anataka chini ya jina lako zichongwe nota za ile besi, kwa kuwa watu wamemwambia ndizo ulizomaliza nazo. Akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye unayejua kuzisoma, mwanangu. Mwandikie fundi vizuri, asije akakosea."

Nikamwambia sawa, Mama.

Nilisema sawa, Mwalimu! Nimeshazinakili, karatasi iko hapa mezani, na mkono unakataa kuikunja. Kuwadanganya wanakwaya niliweza. Lakini jiwe halifutiki. Utalala chini ya kosa langu, na kila ajuaye nota atakayepita atalisoma kuwa ni kosa lako.

Fundi anaanza Jumatatu. Leo ni Jumamosi, na kabla ya mazoezi nakwenda kwa Mama Koku. Nitampigia magoti nimweleze ipi ni yako na ipi ni yangu. Fundi achonge sauti ya kwanza, ile umeiandika wewe mwenyewe na ni nzuri. Akinifukuza, nitaondoka kimya. Kisha nitakwenda kanisani niwaambie besi, nikimtazama Mzee Bulugu usoni. Huenda akachukua kofia yake akaenda zake. Wakibaki hata wawili, nitawaandikia upya ubeti wa pili palepale, kwa kipimo chao, na safari hii juu ya karatasi nitaweka jina langu.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika, mimi bado nina mazoezi.

Mwanafunzi wako,
Nyamizi